Kasuku mkubwa anayeuma: mkono, kijiti, taulo au glavu?

Kombo hukaribisha wageni kwa sauti ya mjomba wangu. "Karibu, karibu ndani," husema, na sauti ni ya marehemu tupu, mpaka kile kikohozi chake cha sigara mwishoni. Mgeni akifurahi na kupenyeza kidole kwenye nyaya za tundu, Kombo humbana hapo hapo.

Nilimrithi pamoja na tundu lake na nusu gunia la mbegu za alizeti. Ni kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, wale ambao kwao ni misitu ya Kongo na Uganda, na huku Kenya wamebaki wachache mno katika msitu wa Kakamega. Kwenye mizani ya jikoni anafika gramu 470. Ni chini ya nusu kilo, lakini mdomo huo umeumbwa kupasua kokwa za mchikichi, sembuse kidole gumba. Wenye kakatua, wale kasuku wa kishungi kichwani, au wale kasuku wakubwa wa Amerika Kusini wa buluu na manjano wanaofika kilo moja, mambo yao ni haya haya. Kinachobadilika ni unene wa kijiti na idadi ya nyuzi utakazoshonwa.

Njia ninazolinganisha hapa nimezijaribu zote, nyingine kwa kujua, nyingine kwa ujinga. Nazipima kwa maswali mawili. La kwanza: nitaimaliza kazi ya leo bila damu, yangu wala yake? La pili nilichelewa kulijua: kesho asubuhi nikifungua tundu, atasogea mbele au atarudi nyuma?

Anauma, au anashika tu?

Kasuku ana vidole vinne kila mguu, viwili vinatazama mbele na viwili nyuma, na mdomo ndio mguu wake wa tatu. Kabla ya kupanda kitu hukijaribu kwa mdomo, kama fundi anavyoitikisa ngazi kabla ya kuikanyaga. Mgeni huona mdomo unakuja, hushtuka, huvuta mkono. Kasuku huyumba, pengine huanguka. Siku ya pili akipewa mkono ule ule ataushika kwa nguvu zaidi usije ukamkimbia tena, na mwenye mkono atakwenda kusema ndege huyu ni mkali. Mwezi wa kwanza, nusu ya kile nilichokiita kuuma kilikuwa hiki.

Kuuma kwenyewe kuna dalili zake. Mboni za macho hupanuka na kusinyaa haraka haraka. Manyoya ya kisogo husimama. Mkia hufunguka kama upepeo, mabawa hutanuka kidogo ubavuni, mwili huinama na kichwa hutangulia. Kasuku wa kijivu pia hunguruma, sauti ya chini ya mbwa mdogo aliyeziba mdomo. Mboni peke yake zisikutishe, maana Kombo huzichezesha hata anapotafuta neno la kusema. Tazama mwili mzima. Ninayoiogopa mimi ni pale anapoganda. Alikuwa anatafuna, ghafla ametulia kama sanamu, jicho moja limekukazia. Hapo weka chini chochote ulichoshika, uwe na taulo, kijiti au mkono, ondoka ukapike chai, urudi baadaye. Hakuna njia kati ya hizi inayofaa kwa ndege aliyeganda, isipokuwa nyumba inaungua.

Mkono mtupu na kijiti

Hizi mbili hugombea kazi moja: kumtoa tunduni, kumrudisha, kumhamisha kutoka juu ya kabati kwenda mezani. Mambo ya kila siku.

Mkono una raha yake. Hauhitaji kutafutwa, una joto, unahisi uzito wake ukihama kabla hajafanya lolote. Unaupeleka kutoka mbele, polepole lakini bila kusitasita, ukiwa umeunyoosha kama tawi, ukamgusa chini ya tumbo juu kidogo ya miguu, ukasema neno moja lile lile kila siku. Sisi tunasema "Panda." Mkono unaotetemeka na kurudi nyuma mara tatu ni mbaya kuliko mkono ambao haukuja kabisa.

Ubaya wa mkono ni kwamba kosa moja hulipwa kwa nyama. Tena kuna deni jingine. Kasuku akikuuma na mkono ukaondoka, amejifunza kwamba kuuma kunaondoa mikono. Umemfundisha wewe, kwa somo moja tu, naye hasahau. Wazee wa kufuga ndege hushauri uvumilie, usiutoe mkono hata akiuma, ili asijifunze hivyo. Mimi naona ushauri huo umeandikwa na mtu asiyewahi kung'atwa na kasuku mkubwa kwenye kifundo cha kidole. Huwezi kuvumilia, na hata ukiweza, yeye hubana zaidi. Dawa ni kutofika huko.

Ndipo kijiti kinaposhinda. Kwa kasuku wa kijivu tafuta ufito wa unene wa sentimita mbili na nusu hivi, urefu wa kama nusu mita, wa mti usio na sumu. Wangu ni tawi la mpera lenye gome lake. Kwa ndege wa kilo moja ongeza unene. Usikitoe dukani na kukipeleka usoni mwake siku hiyo hiyo. Kisimamishe kando ya tundu siku tatu au nne akizoee, kisha mpe njugu akiwa anakitazama, kisha ukisogeze. Kombo alichukua siku tisa kukipanda mara ya kwanza.

Siri ya kijiti nilifunzwa na Kombo mwenyewe: kasuku hupenda kupanda juu. Ukikishika kijiti huku mkono wako ndio uko juu, atakuja kwako hatua kwa hatua mpaka akufikie. Inua ile ncha ya mbali iwe juu kidogo kuliko mkono, naye atabaki huko. Tangu nijue hilo sijaumwa nikiwa na kijiti, hata mara moja.

Kwa swali la leo, basi, kijiti ni salama zaidi kwenu wote wawili. Kwa swali la kesho, mkono una faida ndogo, kwa sababu ndege anayepanda mkono ameamua kukuamini, na anayepanda kijiti ameamini kijiti. Lakini faida hiyo huipata mwenye ndege asiyeuma. Wako kama anauma, anza na kijiti, mkono uje baadaye aukaribie yeye. Na nyumba yenye watu wengi, kijiti hakina mpinzani: Kombo hupanda kijiti akishikiwa na yeyote, ila mkono anaukubali wangu tu, na wa binti wa jirani kwa sababu ninazozijua Mungu na Kombo.

Bega liache kabisa. Wapo wanaosema kasuku akiwa juu kuliko wewe hujiona mkubwa wa nyumba; siyaamini hayo. Shida ya bega ni nyepesi kuelewa: pale huoni macho yake wala kisogo chake, na yeye yuko kipimo kimoja na sikio, jicho na mdomo wako.

Kuna jambo jingine linalofundishwa sana, kwamba akianza kuuma umtikise, uyumbishe mkono ili apoteze mizani. Hufanya kazi siku moja, kisha umepata ndege anayeogopa kupanda na bado anauma. Kumpulizia usoni, kumnyunyizia maji, kumpiga kidole mdomoni, yote ni ukoo mmoja. Kupiga kelele ndio mchezo kabisa: kasuku hupenda kelele. Nilipiga ukemi mara moja na Kombo akauiga wiki nzima, mpaka majirani wakaja kuuliza kulikoni.

Taulo na glavu

Hapa ndipo nilipopotea. Mjomba alipofariki nilikwenda kwa fundi wa kuchomelea mageti, nikamwambia nataka glavu. Akaniuliza, "Mama, unataka kuchomelea nini?" Nikamwambia kasuku. Alicheka lakini aliniuzia, zile ndefu za ngozi nene zinazofika kwenye kiwiko.

Kwa leo, glavu zinafanya kazi. Mdomo haukupita. Nilimtoa Kombo tunduni, nikasafisha, nikamrudisha, nikajiona shujaa. Baada ya wiki moja akiona tu kile kidude cha rangi ya tope anarukia nyaya na kupiga mayowe. Baada ya wiki mbili alikuwa anafanya hivyo akiuona mkono wowote, wenye glavu au mtupu. Kwake yeye mkono ndio uliokuwa ndani ya yule mnyama. Miezi miwili niliyoitumia na glavu ilinigharimu karibu mwaka mzima kuirudisha nyuma.

Shida ya pili haionekani kwa haraka. Ngozi nene inaziba hisia za mkono wako, hujui unabana kiasi gani, na kwa sababu huumii unathubutu kubana zaidi. Mguu wa ndege ni mwembamba. Na ndege hana kiwambo cha pumzi kama sisi, ule msuli ulio chini ya mapafu. Ili apumue, kidari chake lazima kipande na kushuka. Ukikibana kidari, hata bila kumziba pua wala koo, anakosa hewa mikononi mwako huku wewe ukidhani ametulia.

Watu huniambia, mbona Waarabu wa Ghuba hushika kozi, yule ndege wa kuwindia, kwa glavu? Ni kweli, lakini tazama vizuri. Ile glavu ya mfuga kozi ni mahali pa kusimama. Inazuia kucha, maana silaha ya kozi iko miguuni, na ndege mwenyewe anaiendea kwa hiari akijua kuna nyama. Hakuna anayemkamata kozi kwa kumbana na glavu. Kasuku silaha yake iko mdomoni, na mdomo wa kasuku mkubwa hutafuta pindo, hutafuta mshono, ukapita.

Taulo ni kitu kingine, ingawa kwa mbali linafanana na glavu kwa kuwa nalo ni la kukamatia. Kwanza linamfunika, na kasuku akifunikwa macho hutulia kiasi. Pili, vidole vyako vinahisi kupitia kitambaa. Tatu, na hili ndilo kubwa, taulo linaweza kufundishwa. Litandaze mezani, tupia njugu mbili katikati, mwache alikanyage. Kesho inua pindo moja. Keshokutwa mfiche njugu chini yake. Baada ya muda anajiingiza mwenyewe kama mtoto chini ya shuka. Glavu huwezi kuzifanyia hivyo kirahisi, zinabaki na sura ya mkono mkubwa wa kutisha.

Kitambaa chenyewe nacho kina mambo. Taulo jipya lenye vitanzi vya uzi hunasa kucha, akivuta anaweza kuumiza kidole, kwa hiyo chagua kuukuu, lililochakaa mpaka vitanzi vimelala. Leso nilijaribu nikaiacha, ni nyepesi mno, mdomo unapenya kama haipo. Rangi isiwe ya kung'ara. Kombo huogopa nyekundu, wako anaweza kuogopa nyingine.

Namna ya kulitumia siku ya kazi: funga milango na madirisha, zima feni ya dari (hili usilisahau, panga la feni humuua ndege), punguza mwanga. Taulo limefunguka mikononi mwako, uende nalo kwa upande wa chini au wa mbele. Usimtupie kutoka juu, huko juu ndiko mwewe hutokea, na woga huo hakufundishwa na mtu, kazaliwa nao. Ukishamfunika, mkono mmoja utafute kichwa: kidole gumba upande mmoja wa taya, kidole cha kati upande wa pili, chini ya mashavu, ili asiweze kugeuza mdomo. Shingo ya ndege haina shida ukishika pembeni kwa upole. Kidari ndicho usiguse. Mkono wa pili unakusanya mabawa na miguu ndani ya taulo, bila kukaza. Na uwe na haraka. Dakika chache zinatosha kwa kucha au kidonda. Joto la Mombasa mwezi wa Februari ndani ya taulo si mchezo. Akianza kuhema mdomo wazi, fungua, mwache, umalizie jioni.

Mambo haya ni bora uonyeshwe mara ya kwanza na daktari wa mifugo aliyewahi kushika kasuku. Wengi wetu huku madaktari wetu ni wa ng'ombe na kuku, hivyo uliza kabla ya kwenda. Mmoja niliyempelekea alimshika Kombo kidarini kama jogoo wa Krismasi. Nilimnyang'anya.

Kati ya hizo mbili, basi, sina shaka: taulo. Lakini taulo kwa kazi maalumu tu, hospitali, jeraha, kucha, moto, ndege aliyetorokea kwa jirani. Anayemtoa kasuku wake kwa taulo kila asubuhi ataishia nilipoishia na glavu, amechelewa tu. Nafasi pekee ninayoipa glavu ni kwa mtu anayelazimika kumkamata ndege mkubwa asiyemjua, mara moja, hana taulo karibu, na hatamwona tena.

Njia isiyoshika kabisa

Hii sikuichagua, ilinichagua. Baada ya kisa cha glavu Kombo hakukubali chochote, nikabaki nje ya tundu na yeye ndani. Nikachukua kijiti cha mshikaki, nikakata ile ncha kali, nikampitishia kwenye nyaya. Akakinusa kwa mdomo. Wakati ule ule akikigusa, nikasema "Sawa!" nikampa kipande cha njugu.

Ni hivyo tu. Akigusa ncha, "sawa", njugu. Dakika tano asubuhi, tano jioni, kabla hajala. Siku ya nne alikuwa anakifuata kijiti upande huu na huu wa tundu kama mtu anayefuata muadhini. Kuanzia hapo unamwongoza popote bila kumgusa: asogee nyuma wakati unabadilisha maji, apande kijiti kinene, aingie mwenyewe katika sanduku la safari. Kombo leo huingia katika kisanduku cha kwenda hospitali kwa miguu yake, na taulo linabaki la daktari.

Ukilinganisha na nyingine zote, hii ndiyo salama kuliko zote, kwa kuwa nyaya ziko kati yenu, na kwa kesho ndiyo yenye faida kubwa. Inachodai ni muda, na kitu kingine: ubahili wa chakula. Kama bakuli limejaa alizeti mchana kutwa, njugu yako haina thamani. Toa alizeti kwenye bakuli, ziwe za malipo tu. Alizeti zina mafuta mengi na kalsiamu kidogo, na kasuku wa kijivu hupungukiwa kalsiamu mpaka akatetemeka na kuanguka, kwa hiyo utakuwa umemfaa mara mbili. Mpe mboga za majani, karoti, boga, kunde zilizopikwa. Njugu zangu huchagua moja moja, yenye ukungu au iliyosinyaa naitupa, sumukuvu, ile sumu ya ukungu, huharibu ini la ndege. Naziweka kwenye mkebe wa Kasuku, ule wa mafuta ya kupikia, maana sikuweza kujizuia. Walio Kigoma wana bahati: chikichi bivu ndicho chakula cha kasuku huyu huko msituni, na kwa chikichi moja atakufanyia lolote. Parachichi usimpe hata kidogo, ni sumu kwake.

Wenye haraka hawaipendi njia hii. Akivunjika bawa usiku wa leo, kijiti cha mshikaki hakitakusaidia.

Kukata mabawa, au kumtoa nyumbani

Wengine hulinganisha yote hayo na mkasi. Kukata manyoya ya mabawa kunapunguza kuruka, hakupunguzi mdomo. Ndege mwoga ana majibu mawili, kukimbia na kuuma. Ukimwondolea la kwanza anabaki na la pili. Tena kasuku wa kijivu ana mwili mzito, akikatwa sana huanguka kama jiwe na kupasua kidari. Kama una dirisha lisilo na wavu, weka wavu.

Kumuuza au kumgawa si jambo dogo kisheria. Tangu mwaka 2017 kasuku wa kijivu yuko katika Kiambatisho cha Kwanza, chenye masharti makali kuliko vyote, cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini imefungwa. Kenya, mwaka 2022, shirika la wanyamapori, KWS, lilitoa muda wa msamaha wa miezi mitatu kwa waliokuwa nao nyumbani wawasajili. Mjomba alikwenda na Kombo mkononi, hakuumwa, naye alilisimulia hilo mpaka mwisho wake. Ukiuziwa ndege asiye na karatasi, unanunua kesi. Na kumfungulia dirisha aende zake Mombasa, mahali pasipo msitu wake wala wenzake, ni kumtuma kwa kunguru.

Kabla ya kufika huko angalia mambo yanayomfanya aume bila kosa la njia yoyote. Analala kwa muda gani? Anahitaji saa kumi mpaka kumi na mbili za giza na kimya, na tundu likiwa sebuleni mbele ya televisheni hazipati. Mnamkuna wapi? Kichwani na shingoni ni sawa. Mgongoni na chini ya mabawa anaelewa posa, na mwenye posa huwa na wivu. Kombo aliuma watu watatu mwezi ambao mpwa wangu alikuwa anampapasa mgongo. Nilipomkataza alisema, "Lakini shangazi, anapenda!" Ndio, ndiyo shida yenyewe.

Akiwa amekwisha kubana

Usivute. Nyama ndiyo itakayochanika. Mshushe kwenye meza au kitu chochote kilicho karibu. Miguu ikigusa mahali imara mara nyingi huachia. Usimrushe. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kadhaa, bana kwa kitambaa safi damu ikome. Likiwa la kina, au liko kwenye kiungo, usoni au karibu na jicho, nenda hospitali, na uwaambie kama chanjo yako ya pepopunda imepitwa na wakati. Hospitalini wanaweza kutaka kukuchanja kichaa cha mbwa kwa mazoea. Waeleze kwamba ni ndege, ugonjwa huo ni wa mamalia. Unachopaswa kuwataja ni kwamba unafuga kasuku iwapo utapata homa na kikohozi siku za baadaye, kwa sababu kuna homa ya kasuku inayoambukiza kwa vumbi la kinyesi chake, na daktari asiyejua una ndege atatibu malaria.

Hali yako ni ipi?

Ndege mpya, hujui historia yake: kijiti cha mshikaki nje ya nyaya, usifungue tundu kwa mikono wiki ya kwanza. Ndege wako wa siku zote aliyeanza kuuma ghafla: usibadilishe njia, mpeleke kwa daktari, maumivu hubadilisha tabia. Nyumba yenye watoto: kijiti, kishikwe na watu wazima, na tundu liwe na kufuli. Mnayepaswa kumpeleka hospitali kesho asubuhi na hajafundishwa chochote: taulo kuukuu, chumba chenye giza, haraka. Ndege anayekuja mwenyewe ukingoni mwa tundu, manyoya yamelala, mguu mmoja umeinuka anakungojea: huyo mpe mkono.

Kwetu tawi la mpera liko juu ya tundu, taulo liko kwenye msumari nyuma ya mlango. Glavu nilimrudishia fundi bure. Alizitazama alama za mdomo kwenye kidole gumba, akazivaa, akaendelea kuchomelea geti la mtu.